Chumba cha Mwalimu Bathsheba

Haya aliniambia Ombati mwenyewe, rafiki yangu, fundi wa gesi mjini Kisii. Mwaka wa 1976 alitia sahihi kwamba nyumba moja ya kupanga ilikuwa salama, ingawa kwa haraka zake hakukagua bomba lililopita chumba cha kulala. Wiki mbili baadaye mpangaji, Mwalimu Bathsheba, alikutwa kitandani amekufa kwa gesi.

Mwenye nyumba alimwita Ombati tena alasiri moja ya mvua.

"Wewe andika tu ni salama, fundi. Mpangaji mpya anahamia kesho."

"Hapana, mzee. Leo nitaingia kila chumba."

Aliingia peke yake. Mawingu yalikuwa yametia giza, na katika chumba cha kulala alisikia gesi ikivuja, sss. Alifunga mtungi wa gesi wa jikoni, akaubeba hadi nje mvuani, akarudi. Sauti bado ilikuwepo.

Alipapasa ukuta. Bomba lilikuwa limeshang'olewa, wala hapakuwa na harufu. Akainama pale kilipokuwa kitanda. Sauti ikakatika.

Kisha ikaanza tena, karibu kabisa na sikio lake, ila sasa ilikuwa ikivuta pumzi ndani.