Joto Halikupanda

Ndugu zangu, kisa hiki kilitokea katika nyumba iliyotulia, tena nyumba ya mtu anayeijua kazi yake. Nawasimulia kwa sababu kosa lililofanyika humo limo katika nyumba nyingi, na huenda limo hata kwako unayesoma.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, miaka kumi na saba kazini. Wenzake walimwita Sista Kipimo, kwa kuwa kipimajoto hakikutoka mfukoni mwake. Akisema mtoto huyu ni mgonjwa, hata madaktari waliacha walichokuwa wakifanya. Alikuwa hodari kweli, tusimnyime haki yake. Mtoto akipiga kelele hakumtia hofu. Akinyamaza ghafla, Sista aliacha kila kitu akamkimbilia.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi cherehani aliyeshona katika chumba cha mbele, na mama mzazi wa Sista mwenyewe, mwenye miaka themanini na mbili. Bibi huyo alikuwa na kazi yake ambayo hakumwachia mtu: kukunja nguo. Kila asubuhi aliketi dirishani na kapu la nguo zilizokauka, akikunja huku akimtania mkwewe kwamba mishono yake imepinda kama njia ya mlevi. Fundi alicheka, cherehani ikanguruma, asubuhi ikaenda.

Jumatatu moja bibi hakutania. Fundi alichungulia akamwona anakunja taulo, analikunjua, analikunja tena lile lile. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alipomsalimu, bibi alimwita kaka, akimdhania ndugu yake aliyefariki zamani.

Jioni mkewe aliporudi kazini, fundi hakungoja hata avue viatu.

"Mama watoto, mama leo si yule."

Sista Kipimo akatoa kipimajoto, akakiweka kwapani mwa mama yake, akasubiri. Thelathini na sita na nusu.

"Hana homa, wala hakohoi. Ni uzee tu, baba watoto."

"Uzee gani wa kuingia kwa siku moja? Jana si alikuwa ananicheka hapa hapa!"

"Nani muuguzi humu ndani? Au na mimi nije nikushonee suruali za wateja?"

Fundi akafyata mkia. Angebishana vipi na mwenye fani yake?

Hapo ndipo hatari ilipokaa, ndugu msomaji. Sista hakuwa mzembe, naye alimpenda mama yake kupita kiasi. Ila alimtazama mtu wa miaka themanini kwa macho yaliyozoea watoto wa miaka mitatu. Watoto wake wa wodini walizoea kuwaka moto wakiugua, basi naye akakaa kuusubiri moto.

Jumanne alipima asubuhi, akapima jioni, na joto lilikuwa lile lile. Bibi hakula, hakuzungumza, alilala tu. "Mwacheni apumzike," Sista alisema. Jumatano alfajiri bibi alijaribu kuinuka, miguu ikamkatalia, akaporomoka kando ya kitanda. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mume na mke wakambeba mbio hadi hospitali, wodi ya wazee.

Walipokelewa na muuguzi kijana ambaye wenzake walimbandika jina la Taratibu, maana hakuwahi kuonekana akikurupuka. Alivuta kiti, akamshika bibi mkono, kisha akageuka.

"Dada, mama kwa kawaida yukoje?"

"Joto thelathini na sita na nusu, hakohoi, na..."

"Hayo nitayapima mwenyewe. Nauliza habari zake yeye. Wiki iliyopita, asubuhi kama hii, alikuwa anafanya nini?"

Sista hakulijua hilo. Asubuhi yeye huwa kazini. Aliyejibu ni fundi.

"Anakunja nguo na kunikejeli. Tangu Jumatatu hata hanijui."

"Ilianza polepole au ghafla?"

"Ghafla, nesi. Jumapili alikuwa mzima kabisa."

Taratibu akaweka kiganja kifuani mwa bibi, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Thelathini na mbili, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hapiti ishirini. Sista Kipimo alikuwa amehesabu naye kimoyomoyo. Mtoto wa mtu mwingine angemhesabia pumzi kabla ya kitu chochote. Lakini kwa mama yake alikwisha kuandika uzee, akaacha kumtazama.

"Tatizo liko mapafuni," Taratibu alisema, mkono mmoja tayari uko kwenye oksijeni. "Mwiteni daktari, mwambieni huyu hangojeki. Wazee wengi hawapandishi joto, dada. Wanachanganyikiwa, wanaacha kula, wanaanguka. Hiyo ndiyo homa yao."

"Mtoto akinyamaza nakimbia," Sista alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Mama amenyamaza siku tatu, nikasema apumzike."

Daktari alithibitisha: nimonia. Bibi akawekewa dripu na kuchomwa sindano za dawa. "Mngekuja jioni, tungekuwa tunaongea mengine," daktari aliwaambia.

Siku ya tano bibi aliamka macho yametulia, akauliza mkwewe yuko wapi na nani anampa kazi za kushona siku hizi. Kwa mazoea tu, mkono wa Sista ukaenda kwenye kipimajoto. Bibi akaushika.

"Mwanangu, hicho kidude umeniweka kwapani mara ngapi wiki hii?"

"Nyumbani, mara tatu, mama."

"Na umeniuliza mara ngapi najisikiaje?"

Sista akakiacha kipimajoto mfukoni. Hakuwahi kuuliza hata mara moja.

FUNZO

Nyinyi wauguzi, na nyinyi mnaouguza majumbani, mjue kwamba ugonjwa hauji kwa sura moja kwa watu wote. Mtoto huvumilia, presha yake ikionekana nzuri, kisha huanguka kwa mpigo. Mjamzito anayelalamika kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza asiambiwe amechoka. Mzee aliyebadilika kwa siku moja ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Ujuzi wa wodi moja usiubebe mzimamzima hadi kitanda kingine. Wala usimdharau asiye na fani: fundi yule hakusoma uuguzi, lakini ndiye aliyeuona ugonjwa siku ya kwanza. Muulize mgonjwa, muulize anayeishi naye, halafu ndipo utoe kipimajoto mfukoni.