Jani la Isale Halikutosha

"Anahama kesho, Zita. Sirili anahamia Tarakea moja kwa moja. Na wewe umekaa unashona tu?"

Violet, rafiki yake, alipiga kutoka Moshi mjini, na kwa kuwa vocha zilikuwa ghali enzi hizo, alisema hilo akakata. Zita akabaki na simu sikioni, mguu kwenye kanyagio la cherehani.

Mwaka uliopita Sirili, jirani yake hapo Uru aliyefiwa na mke, alituma washenga na mbege, pombe ya ndizi, kuja kumposa. Zita alikuwa akimtamani siku nyingi, lakini siku hiyo aliogopa, na hofu ikamtokea mdomoni kwa ukali. Aliwaambia wazee wa watu kwamba hakuzaliwa aje kumfuta mwanaume machozi ya mke mwingine. Maneno yakafika yote, hata moja halikudondoka njiani.

Tangu hapo Sirili akawa anapitia njia ya juu, asipite mlangoni pa Zita. Zita alipika peke yake, akala peke yake, na redio aliifungulia ili nyumbani isikike sauti ya mtu. Jioni nyingi alijifunga kanga nzuri aende kwa Sirili, akafika kwenye uzio, akarudi kukaa.

Safari hii alichuma jani la isale. Huko kwao ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akilipokea hana budi kusamehe. Tena huhitaji kusema kitu, na hapo ndipo Zita alipopapenda.

Alimkuta Sirili uani anafunga mizigo. Alipoliona jani alinawa mikono, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe, Zita. Yaishe. Asante kwa kuja kuniaga."

Kisha akarudi kwenye kamba zake.

Kuaga? Zita alisimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Jani lilikuwa limemaliza kazi yake kwa heshima zote, na mwanaume alikuwa bado anaondoka. Aligeuka aende kwake akalie vizuri. Alipofika kwenye migomba miguu ikagoma.

"Sirili."

"Naam."

"Sikuja kukuaga. Siku ile niliogopa. Nakupenda tangu hujaoa, na niliona aibu ujue nimekungoja miaka yote hiyo kama mjinga. Kama bado unanitaka, nioe. Kama hunitaki, niambie wewe mwenyewe, nisikie."

Mikono ya Sirili ilisimama kwenye fundo. Zita hakukimbia.

"Unajua kwa nini nahama?" Sirili akasema. "Dirisha langu linaona taa yako. Nilichoka kuiangalia."

Akaifungua kamba aliyokwisha kuikaza, akashusha kiti kutoka kwenye mizigo, akakikung'uta vumbi kwa kiganja.

"Kaa. Useme tena, taratibu. Sina safari."