Kuo Chin-feng, Njoo Ule

Udi ulianza kunuka ofisini mwa hekalu mchana kweupe, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma. Hsiu-chuan, karani, akapuuza. Mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina kila hekalu la Tainan, Taiwan, hunuka udi, kwa kuwa wafu wamefunguliwa mlango waje kula.

Alikuwa ameingiza kwenye kompyuta majina ya watu walio hai, wa kuwashiwa taa za uzima. La mama yake, Kuo Chin-feng, lilikuwamo. Kesho yake mama angepasuliwa moyo. Hifadhidata ya hekalu ilikuwa na vyumba viwili, mafundi huviita skima: cha walio hai na cha marehemu. Usipotaja chumba, mashine hutumbukiza kila kitu katika kile ilichozoeshwa, nacho kilikuwa cha marehemu. Hsiu-chuan hakutaja. Haraka haraka haina baraka, naye alikuwa akiwahi hospitali.

Huko chini kasisi akaanza kuwaita wafu mezani, akisoma kwenye kioo cha kompyuta kinacholetewa majina kutoka chumba cha marehemu.

"Kuo Chin-feng, njoo ule."

Hsiu-chuan akarukia kompyuta. Akabadili chumba ilichozoeshwa mashine, akayahamishia majina yote kwa walio hai, yakahama, la mama likabaki, akalihamisha tena, likarudi, akalifuta, likarudi, na harufu ya udi ikazidi mpaka akashuka ngazi mbio bila viatu.

Alimkuta Mei-yun, mpishi wa hekalu, mlangoni pa ukumbi wa karamu.

"Shangazi, mzuie kasisi. Kamwita mama, naye yu hai."

"Nani kamtia huko?"

"Mimi."

"Basi mimi nitamtoaje, mwanangu? Aliyeitwa keshakaa. Na ushushe sauti, ndugu wema wanakula," akasema, akiwaita wafu kwa jina la heshima.

Hsiu-chuan akampigia mama simu hospitali.

"Mama, uko wapi?"

"Kitandani, wapi tena? Usihangaike na uji, nimeshiba. Bata wenu mtamu, ila hana chumvi."

"Mama, usile. Ondoka hapo, nakuomba."

"Niondokeje? Wamenibana huku na huku. Wana adabu lakini, wananiita dada."

Hsiu-chuan akalia. Mbele yake meza ndefu zilijaa vyakula, bata akiwamo, na viti vitupu vikaanza kujisogeza nyuma, kimoja kimoja.

"Ngoja, mwanangu," mama akanong'ona. "Wanasimama. Wanasema twende."