Kikongwe Aliyepakwa Rangi

Kitendawili! Semeni "tega", msinitumbulie macho. Nina kikongwe nyumbani. Kila akiulizwa umri, anapakwa rangi. Ni nani huyo? Hamjui? Mji wenu siutaki leo, bakini nao. Sikilizeni, jibu litakuja kwa miguu yake.

Palikuwa na mke na mume, nyumba yao imepakana na banda la boti kando ya ziwa. Mume alikuwa seremala, watu wakamwita Fundi tu. Mke alishona viti vya boti, naye wakamwita Mama Sindano, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya ulimi. Jioni alikaa mlangoni na cherehani yake, mumewe akipiga randa bandani, na sauti za vyombo hivyo viwili zikawa kama watu wanaopokeana salamu.

Mle bandani mlikuwa na boti ya injini, ya mbao, kuukuu. Fundi aliikuta imetupwa, kuku wanatagia ndani. Akang'oa mbao zilizooza, akatia mataruma mapya, zile mbavu zinazoshika mwili wa chombo, akabadilisha tangi la mafuta na nyaya zote. Akiba yao yote iliingia humo, wakitegemea kuvusha abiria. Lakini gatini palikuwa na sheria moja: hakuna boti inayobeba watu bila bima.

Hapo ndipo amani yao ilipoingia mchanga.

Ofisi ya kwanza waliulizwa umri wa boti, wakasema kweli, wakaonyeshwa mlango. Ofisi ya pili karani alicheka. "Fundi, hiyo si boti, hiyo ni kumbukumbu." Fundi akarudi nyumbani mabega yamemshuka.

Ndipo akaja wakala mmoja wa bima, mtu wa maneno laini, waliyemwita Asali.

"Shemeji," alimwambia Mama Sindano, "kampuni hazipendi wazee. Tunapaka rangi nzito, ndani na nje. Tunabandika kibati cha kiwandani, kile chenye mwaka wa kuundwa, cha boti changa iliyokufa. Naandika ina miaka minne. Kwisha!"

"Na ikizama?"

"Mbona unaitabiria mabaya, shemeji?"

"Sijatabiri. Nimeuliza."

Asali akacheka, akamgeukia Fundi. Fundi hakumtazama mkewe.

Msimhukumu haraka, jirani zangu. Fundi hakuwa mwizi. Alichoka kuambiwa hapana, basi. Na aliyemwambia ndiyo alikuwa Asali.

Akapaka rangi ya bluu, nzito kama uji. Ikafunika mataruma, ikafunika maungio, ikafunika kila alichokitolea jasho. Na nyumba nayo ikaanza kufunikwa. Banda likatiwa kufuli. Mtu akiuliza habari za boti, Fundi anakuwa mkali kama ametukanwa. Mezani, mkewe akimuuliza, "Hivi boti yako ina umri gani?" yeye hujibu, "Nipitishie chumvi."

Kabla Asali hajapeleka karatasi, boti ya jirani yao Kofia ikashika moto gatini ikitiwa mafuta. Kofia aliruka majini akatoka mzima, lakini boti ilibaki mkaa, ukapona ubao wa nyuma tu. Kampuni ikatuma watu. Wakakichokonoa kibati pale nyuma, chini yake wakakuta matundu ya kibati kingine, hayalingani hata kidogo. Kofia naye alikuwa amepakwa asali ile ile. Hakulipwa kitu. Na Asali? Alisema sura ya Kofia haimjii vizuri. Leo hii Kofia, aliyekuwa mwenye boti, anabeba mizigo ya abiria wa wenzake.

Mama Sindano aliposikia, hakulia. Alivunja kufuli kwa nyundo ya mumewe mwenyewe, akafungua mlango wa banda wazi ili njia nzima ione, akashika chuma cha kukwangulia, akaanza kukwangua rangi.

"Mama Sindano! Una wazimu?" Fundi alikuja mbio.

"Ninao. Shika huku, hii kona ngumu."

Watu wakajaa. Mmoja akapiga kelele, "Leo boti inavuliwa nguo!"

"Nguo ya kuazima!" Mama Sindano akajibu bila kugeuka.

Asali akapenya katikati yao. "Shemeji, unaharibu kazi! Nani ataitaka na sura hiyo?"

"Kwanza usiniite shemeji. Sina dada aliyekosa akili kiasi hicho." Watu wakaangua kicheko. "Pili, sura hii kaitengeneza mume wangu. Rangi yako imeficha nini? Imeficha mbao mpya! Imeficha nyaya mpya! Tulikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha, na ndicho tulichokipaka rangi."

Fundi alisogea karibu. Chini ya bluu yalikuwa yanatokea maungio yake, yamebana hata ukucha haupenyi. Akaligusa moja. Kisha akaking'oa kile kibati, akakitupa miguuni pa Asali, akatafuta chuma cha pili.

Wakaanza kutafuta tena. Ofisi ya tatu nayo ikakataa. "Poa," alisema Mama Sindano, "milango bado ipo." Ya nne, inayoshughulika na boti za zamani, ikamtuma mkaguzi, mama mmoja mwenye tochi na kinyundo. Akagonga ubao baada ya ubao, sikio karibu. Akaingiza kichwa chini ya injini. Akafuata nyaya kwa kidole. Watu wote wa gatini walikuwa wanatazama, na Asali pembeni akimkonyeza Fundi.

Mkaguzi akafuta mikono. "Kazi nimeiona. Sasa sema wewe mwenyewe: boti hii ina umri gani?"

Fundi akameza mate.

FUNZO

Mwacheni ameze, sisi tuseme letu. Anayeidanganya bima hajanunua ulinzi. Amenunua karatasi, na siku ya ajali ndipo itakaposomwa. Ukiwa na chombo cha zamani, taja umri wake, onyesha ulichokitengeneza, mwite mkaguzi kabla hajaitwa na msiba. Ukikataliwa, gonga kwingine. Na ninyi wa maofisini mnaocheka: uzee si ubovu! Ubovu hugongwa kwa kinyundo ukajulikana.

Bima waliipata. Bei ilikuwa juu kidogo, boti hukaguliwa kila mwaka, na ziwa likichafuka hawavushi mtu. Wakakubali yote kichwa juu.

Kitendawili mmeshakitegua. Lililobaki ni lile swali lililojibiwa kwa chumvi. Fundi hakumgeukia mkaguzi. Alimgeukia mkewe.

"Miaka thelathini na minane," alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa gati. "Imenizidi mimi miwili."