Kamera ya Dirisha la Kivuva

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong, nami nimetoka nyuma ya nyumba kuanua shuka za Kivuva kabla umande haujaziharibu. Mikono yangu ikiwa bado kwa kamba, nikasikia kitu juu ya kichwa changu.

Zzzzzz...

Kamera ya nyuma ilikuwa inageuka. Muda wote ilikuwa inatazama dirisha la Kivuva. Sasa ilikuwa inaligeuzia mgongo.

Nikasimama. Jikoni alikuwa mdogo wangu Kalunde peke yake, nimemwomba aniangalizie geti. Na geti liko na kamera yake.

Wacha niwaeleze. Kivuva ni kijana wangu wa pekee. Mwaka huo wa elfu mbili na nne alikuwa amelala kitandani miezi mitano hapa Kisaju, anakauka tu, na kila daktari aliyempima hakuona ugonjwa. Mwenyewe alisema giza likianza kuingia kuna mwanamke anamwita dirishani. Nimewalea watoto wangu wakijua kwamba ukiitwa jioni na mtu usiyemwona, unanyamaza. Kivuva alinyamaza. Lakini kila akiitwa, asubuhi alikuwa amepungua.

Mkwe wangu Musau, mume wa binti yangu Mutheu, kazi yake ni kufunga kamera kwa maduka ya Kitengela. Akatuletea mbili kuukuu, zile za kugeuza shingo. Moja akaifunga getini, moja nyuma, na jikoni akaweka televisheni na kisanduku cha vitufe. Unabonyeza namba ya kamera, unasukuma kijiti, inageuka.

Aliniambia, mama, hizi ni kama watoto uwanjani. Zote zinasikia ukiita, lakini anayegeuka ni mwenye jina. Hilo jina liko tumboni mwake, safu ya swichi nane ndogo kama meno ya mtoto. Mimi sikusoma, kwa hivyo alinifundisha kwa punje za mahindi. Swichi ya kwanza ikiwa juu ni punje moja. Ya pili, mbili. Ya tatu, nne. Kila moja ni mara mbili ya jirani yake. Unajumlisha zile zilizo juu, hiyo ndiyo namba. Ya getini akainua ya kwanza tu. Ya nyuma akainua ya pili tu.

Zikafungwa, na ile sauti ikanyamaza wiki mbili. Kivuva akaanza kuketi.

Ndipo Kalunde, ambaye hakujaliwa mtoto, akaja kutoka Magadi kunisaidia kuuguza. Jioni ya kwanza nilimwaga mahindi mezani nikamfundisha zile swichi, nikijisifu. Tulicheka. Aliniambia, Mama Kivuva, ungesomeshwa wewe ungekuwa waziri.

Siku tatu baadaye ile sauti ikarudi.

Sasa, jioni hiyo ya kuanua shuka, nikaweka stuli ukutani, nikapanda, nikafungua kifuniko kwa kisu. Swichi ya kwanza ilikuwa juu. Ya pili imeshushwa.

Punje moja.

Kamera mbili, jina moja. Kila jioni nilipoigeuza ya geti nione barabara, hii nayo iliitika, ikamwacha mwanangu. Musau alikuwa Namanga wiki hiyo yote. Mutheu hajui mambo ya swichi. Waliojua zile punje tulikuwa watatu.

Nilizirudisha kwa ncha ya msumari. Nikazima umeme nikauwasha tena, maana kamera haisikii jina jipya mpaka iamke upya. Kalunde akauliza mbona stima imepotea. Nikamwambia si unajua stima ya huku. Kisha nikampikia chai. Dada yangu wa tumbo moja... nikampa kikombe.

Kesho yake, saa moja kasoro, niliketi mbele ya televisheni. Kalunde akakaa kando yangu na ungo wa maharagwe. Alikuwa hapo hapo, goti lake limegusa langu.

Nikabonyeza mbili.

Dirisha likatokea. Na mtu amesimama hapo.

Leso ya Kalunde. Mgongo wa Kalunde. Lile bega lake moja lililoshuka.

Harufu ya ziwa ikajaa jikoni, ile ya Magadi, chumvi na kitu kilichooza. Mikono ya Kalunde kwenye ungo ikasimama.

"Mama Kivuva," alinong'ona, bila kuniangalia. "Wewe uko na Mutheu. Mimi niko na nani?"

Kwenye televisheni, yule mwingine aliweka mdomo kwenye kioo cha dirisha.

Na kutoka chumbani nikamsikia mwanangu, kwa sauti ya mtoto mdogo...

"Naam, mama."

Nilikimbia. Kivuva alikuwa amelala macho wazi, anatabasamia dirisha. Nje hapakuwa na mtu. Ardhi chini ya dirisha ilikuwa nyeupe, kama mtu amemwaga magadi. Niliporudi jikoni Kalunde hayuko. Ungo umewekwa vizuri mezani, maharagwe yamechambuliwa yote.

Asubuhi Kivuva aliamka mwenyewe. Akaoga. Akanywa uji vikombe viwili, nami nalia kwa furaha. Akavaa viatu, akanipa mkono kwa heshima.

"Asante sana, mama ya watu. Umenitunza. Wacha nirudi nyumbani sasa, mama ananingoja."

Nilimshika shati, nikamwambia mama ni mimi. Alinitazama kwa huruma, vile mtu hutazama mwendawazimu sokoni, akavitoa vidole vyangu kimoja kimoja.

Musau aliporudi alisema swichi kuukuu hulegea kwa joto, au labda yeye mwenyewe alikosea kuziweka. Nikamuuliza, na yule niliyemwona? Alikunja nyaya zake.

Juzi Nashipae, mama mmoja mgeni anayetembeza shanga, aliniletea salamu za Kalunde. Anasema huyo dada yangu amebarikiwa kijana mzuri, amenona, amepata kazi, na kwa kufanana na mamake hakuna mfano. Hata ule mwanya wa meno ya mbele ni mmoja.

Meno ya Kivuva niliyaona yakiota moja moja. Hayakuwa na mwanya.