Niandike na Mimi

Watu wa Euless, huko Texas, hawapigi hodi. Wanatuma ujumbe, wanabonyeza kengele, au wanakaa kwenye gari wakikusubiri utoke. Kwa hiyo Alhamisi ile Melania alipaswa kushtuka. Lakini alikuwa na miaka minne hajasikia hodi ya kwao, na mtu akishikwa na hamu ya nyumbani akili nayo huenda likizo.

Alikuwa mezani alasiri, fomu zimetandazwa mpaka kwenye viti. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na nyumba moja ya kulelea wazee ilikuwa tayari kumwajiri. Kilichobaki ni kibali cha kazi: fomu, picha mbili, na bahasha ya daktari iliyofungwa. Ruhusa yake ya uanafunzi ilikuwa inaisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Karatasi zisipofika kufikia siku hiyo, anafungasha na kurudi Songea mikono mitupu.

"Hodi, hodi wenyewe," sauti ya mwanamke ikasema mlangoni, tamu na ya pole, kama ya shangazi aliyeleta mboga.

"Karibu! Karibu ndani!" Melania akaitikia bila hata kuinua kichwa.

Kisha akakiinua. Mlango ulikuwa umefungwa, na mnyororo wake umetiwa. Hapakuwa na mtu. Ila chumba kilinuka udi, na chini ya udi kitu kama nywele zilizoungua, na makubadhi yakapita nyuma ya kiti chake, kwa, kwa, kwa, yakigonga kama yako juu ya saruji. Nyumba ile ilikuwa na zulia mpaka chooni.

"Uchovu," akajiambia. Wauguzi nao, kila kitu kwao ni uchovu!

Jumamosi akaenda kupigwa picha kwenye duka la dawa, maana huko Marekani ndiko hupigwa picha za fomu. Mpigaji alikuwa mzee mmoja mpole aitwaye Brandon. Akapiga mara ya kwanza, akakunja uso. Akapiga ya pili. Ya tatu akashusha kamera.

"Mama, mwambie mwenzako asogee. Kwenye picha hizi hawataki mtu wa pili."

"Mwenzangu yupi?"

Brandon akamgeuzia kioo cha kamera. Nyuma ya bega la Melania palionekana ncha ya ushungi mweusi, na ndani ya ushungi, kidevu. Mzee wa watu akasema mashine leo ina matatizo, akaenda kusimama upande wa pili wa kaunta na hakurudi.

Jioni jirani yake Kethia, Mkongomani wa kutoka Uvira, alimkuta kwenye ngazi.

"Dada, ule mugeni wako anavaa viatu gani? Usiku muzima iko anatembea."

"Sina mgeni, Kethia."

"Sasa ni nani iko anaita jina yako?"

Melania akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu ikawa zamu ya daktari, huko Dallas. Kipimo cha damu cha kifua kikuu kilikuwa kimekuja na majibu yasiyoeleweka, kwa hiyo wakampiga picha ya kifua. Daktari aliitazama muda mrefu mno.

"Hizi ni mbavu zako," akasema. "Hivi hapa sijui ni nini."

Melania alijua. Vilikuwa vidole vitano, vyembamba, virefu, vimeshika mbavu zake kwa ndani, kama mtu anavyoshika nondo za dirisha akichungulia nje.

"Siwezi kusaini hii. Rudi Alhamisi turudie."

Akaendesha kurudi nyumbani. Na hapo kwenye barabara kuu, katikati ya malori, gari likaanza kulia ting, ting, ting, ile kengele ya kukukumbusha kwamba abiria wa pembeni hajafunga mkanda, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hata mkoba alikuwa ameuweka nyuma, lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na harufu ya nywele zilizoungua ikaja ikajaa, akafungua vioo vyote na bado ikawa inaongezeka, mpaka akahisi pumzi ya baridi sikioni na ile sauti ya shangazi ikanong'ona taratibu, bila haraka yoyote: "Niandike. Niandike na mimi, mwanangu. Niandike kwa jina lako, tuwe wawili."

Alipofika alimpigia simu rafiki yake Twalibu, aliyekuwa Houston, akamsimulia yote. Twalibu alikuwa mtu wa kompyuta, lakini babu yake alikuwa mganga huko Tanga, na mambo haya alilelewa nayo.

"Umemkaribisha kwa kinywa chako?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani ni mtu!"

"Lo! Sasa usi-panic. Anataka jina lako. Ukisaini hizo karatasi huku yumo ndani yako, zikipita, mwili unakuwa wake, wewe ndiye utakuwa mgeni. Mtulize. Mtengee kiti, kitambaa cheupe, ubani kila Alhamisi. Wengi wanaishi nao hivyohivyo."

"Nimtengee kiti?" Melania akapandisha sauti. "Twalibu, viti vyenyewe nimeviokota mimi jalalani, nikavibeba kichwani, halafu yeye ndiye akae? Hakai!"

"Basi ungepata jina lake ungemshinda. Jini jina lake likiandikwa, amefungwa. Lakini hataji, dada. Babu miaka arobaini hakuwahi kulipata hata moja."

"Babu yako alikuwa na fomu?"

Melania akakata simu.

Jumatano magharibi Melania akakaa mezani, fomu tupu mbele yake, kalamu nyeusi mkononi. Siku ya saba hiyo. Aliogopa, sitawaficha, lakini hasira ilikuwa imeishinda hofu. Alikuwa ameoga, amefunga kanga ya mama yake kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana kisimani.

"Haya, mgeni," akasema. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wewe nimekuongezea nne. Njoo, jembe lako hili hapa."

Makubadhi yakaja. Kwa. Kwa. Kwa. Taa ikafifia. Kiti cha mbele yake kikalalamika.

"Utaniandika?" ikauliza sauti.

"Nitakuandika. Lakini hapa kitu hakiandikwi nusunusu. Jina kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa."

"Andika lako."

"Langu lina mwenyewe. Tunaliruka kwanza. Umeishi wapi miaka mitano iliyopita, mwezi kwa mwezi, bila pengo?"

Kisha sauti ikaanza, na haikuwa tamu tena, ikasema ilikaa kisimani, ikakaa chini ya kitanda cha mochwari, kisha ikakaa kwa Anastazia, mwanamke mwema aliyeitikia hodi akiwa na ujauzito, ikakaa kwake miaka mitatu ikila taratibu, na Anastazia alipokwisha ikatoka ikatafuta mwingine mwenye upweke, na upweke wenu, ikasema, unanuka mpaka ng'ambo ya bahari.

Machozi yalimtoka Melania, ya huruma na ya ghadhabu. Hakuacha kuandika.

"Anastazia nani? Anwani? Hujui? Umekaa ndani ya mtu miaka mitatu na jina la baba yake hulijui! Chanjo umechoma? Lete mkono."

Akanyoosha wake kwenye giza, akaushika. Ulikuwa wa baridi, mrefu, bila mapigo. Muuguzi huyu amewahi kutafuta mishipa kwa vikongwe wa miaka tisini na sita. Akaubana kama alivyobana kwenye mafunzo na hakuuachia.

"Mshipa hakuna. Sasa mwisho. Hapa chini unaapa mbele ya Mungu kwamba yote ni kweli, na unatia jina lako. Lako. Taja!"

"Niachie."

"Taja jina!"

"Umenikaribisha mwenyewe!"

"Na mgeni mwenye adabu huaga! Taja jina niandike, au toka!"

Kalamu ikagusa karatasi. Mkono ukachomoka kwa nguvu ya kumtegua bega, meza ikapinduka, mnyororo wa mlango ukakatika vipande, na makubadhi yakashuka ngazi yakikimbia.

Alhamisi picha ya kifua ilitoka safi. Brandon alipiga mara moja tu. Bahasha ilifungwa, ikatumwa, ikafika Ijumaa asubuhi. Miezi mitatu baadaye kadi ya kibali cha kazi ikaja, na sura iliyokuwamo ilikuwa moja. Melania aliibusu kadi ile, akacheza peke yake sebuleni, akampigia Twalibu wakacheka mpaka wakakohoa.

Bado alikuwa na simu mkononi aliposikia, nje, kwenye mlango wa jirani, sauti ya mwanamke, tamu na ya pole.

"Hodi, hodi wenyewe."

Na kupitia ukutani, Kethia, mwenye furaha ya mtu aliyetembelewa na watu wa kwao: "Karibu, mama! Ingia!"

Melania hakumalizia hata kuaga simuni. Akajifunga kanga, akachukua kalamu nyeusi na karatasi tupu, akatoka kwenda kugonga mlango wa jirani yake.