Nyayo Zisizo na Kati

Mama Buluu alikuwa dobi. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu alijua kipimo cha buluu kuliko madobi wote. Buluu ni ile rangi inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Alifua shuka za nyumba ya wageni, na alizifulia nyumbani kwake, kwenye ukumbi mrefu wa sakafu ya saruji. Upande mmoja palikuwa na mabeseni matatu. Upande wa pili palikuwa na mlango wa kwenda uani, penye kamba za kuanikia.

Kutwa nzima alikwenda na kurudi. Ndala zilimtelezesha kwa sabuni, kwa hiyo alizivua. Visigino vilimuuma. Chini ya vidole palikuwa na sugu ngumu. Mara kwa mara kifundo cha mguu kilimpinda, nusura aanguke na kapu lake. Yeye alisema ndiyo kazi, mchagua jembe si mkulima.

Lakini kilichomnyima raha si maumivu. Zilikuwa nyayo.

Aliziona mara ya kwanza katika nyumba waliyokaa kabla ya hii. Ilikuwa mchana kweupe, na ndani hamkuwa na mtu. Alitoka uani na kapu tupu, akaziona zinameta sakafuni. Kisigino. Kisha pengo. Kisha vidole vitano na sehemu iliyo chini yake. Katikati hapakuwa na kitu. Mume wake akitoka kuoga, mguu wake hujichora wote. Huyu alikanyaga nusu nusu, kama mtu asiyetaka kusikika. Mama Buluu alichukua tambara akazifuta haraka. Alipogeuka, nyingine zilikuwa nyuma yake.

Mume wake alikuwa mpiga rangi, mtu wa maneno machache. Aliitazama sakafu, akakuna kichwa. Mama mzazi wa huyo mume ndiye aliyesema wahame, na wao wakahama. Siku ya pili ya kufua katika nyumba mpya, nyayo nazo zilikuwa zimehamia.

Kisha zikaja ndogo.

Zilitokea kando ya zile kubwa, zikiwa na pengo lilelile. Ilikuwa wakati wa likizo, na Kinanda alikuwa akimsaidia mama yake kusuuza soksi. Kinanda alikuwa binti yao wa miaka saba. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ila siku hizo hata yeye alinyamaza. Alikuwa akijikwaa mahali pasipo na kitu. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimelika upande wa nje tu, kana kwamba mtu alikuwa akimvutia huko.

Bibi yake alikuja, akazitazama nyayo kubwa na ndogo, akaketi polepole.

"Hicho kizuka kimepata mwenzake," alisema. "Au kinamtafuta. Jumapili namchukua mtoto. Ataishi kwangu."

Mama Buluu alitaka kumkatalia mama mkwe wake, lakini yeye mwenyewe aliogopa. Kumpa mtu mtoto wake wa pekee hakuweza. Kumwacha ndani ya ukumbi ule hakuweza pia. Siku hiyo alilia juu ya beseni, machozi yakachanganyika na sabuni.

Sasa, msomaji, usimcheke. Mlango wa pili alikaa jirani aliyeitwa Dada Viungo. Alipohamia alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa viungo katika zahanati. Mama Buluu akaelewa viungo vya chakula, pilipili manga na bizari. Kwa miezi minane aliamini kwamba jirani yake anawapikia wagonjwa. Siku moja alimuuliza bizari nzuri inauzwa wapi. Dada Viungo alicheka, akadhani anataniwa.

Ijumaa ile Dada Viungo alileta koti lake jeupe lifuliwe. Alimkuta Mama Buluu amesimama akiikodolea macho shuka iliyoanguka sakafuni. Maji ya buluu yalikuwa yamemwagika kando yake. Juu ya shuka kulikuwa na nyayo mbili za rangi ya buluu. Moja kubwa, moja ndogo. Zote hazina kati.

Mama Buluu hakukusudia kusema. Lakini lililo moyoni ulimi huiba, akamweleza yote mpaka habari ya Jumapili.

Dada Viungo hakucheka. Alipiga magoti, akaupima ule unyayo mkubwa kwa kiganja. Kisha akaitazama miguu ya Mama Buluu kwa muda mrefu, hata mwenyewe akatamani kuificha.

"Ioshe kwenye maji safi," alisema. "Halafu tembea mpaka mlangoni. Usigeuke mpaka nikuambie."

Mama Buluu akatembea. Saruji ilikuwa baridi. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na shingo yake ilimsisimka kana kwamba kuna anayemfuata.

"Haya, geuka."

Zilikuwepo. Maji yalikuwa bado yanameta. Kisigino, pengo, vidole. Zilianzia kwenye beseni, zikaja moja moja ukumbini, zikaishia chini yake mwenyewe.

Akaketi palepale. Alimkumbuka marehemu mama yake. Mama huyo alikuwa akifuta sakafu ya jikoni haraka haraka, akiwakataza watoto wasikanyage pale. Maskini, mama alikufa akiogopa miguu yake mwenyewe.

"Kila unyayo una upinde hapa katikati," Dada Viungo alimwambia. "Wako uko juu sana, haugusi chini. Watu wengi huzaliwa hivyo, na mara nyingi hurithiwa. Wengine hauwasumbui kabisa."

"Mbona mimi naumia?"

"Mzigo wa watu watatu unabebwa na wawili. Kisigino na chini ya vidole vinabeba mwili wote, tena juu ya saruji. Lazima vichoke. Na mguu wa namna hii hupenda kulalia upande wa nje, ndiyo maana kifundo kinapinda."

Mama Buluu alimtazama. "Wewe umeyajulia wapi haya, na kazi yako ni ya jikoni?"

"Jikoni gani?"

"Si viungo?"

Dada Viungo alishika mbavu. "Viungo vya mwili, jirani. Magoti. Mabega. Miguu."

Kilikuwa kicheko cha kwanza ukumbini wiki ile. Kilipokwisha, akamwelekeza. Asitembee peku kwenye saruji. Avae viatu vya raba visivyoteleza, vipana mbele, vyenye soli nene na laini. Ndani atie soli nyingine inayojaza pale penye pengo. Sugu asizikate kwa wembe. Aziloweke, azisugue taratibu, azipake mafuta. Kila asubuhi auegemee ukuta kwa mikono, arudishe mguu mmoja nyuma, kisigino kibaki chini, avute misuli akihesabu mpaka thelathini. Halafu mguu wa pili.

"Na mwanangu?"

Uso wa Dada Viungo ukabadilika. "Huyo simtolei dawa ya ukumbini. Mtoto anayejikwaa mahali tambarare aonwe na daktari. Upinde mwingine huletwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hata mtu mzima, kama upinde umeanza ukubwani, au uko mguu mmoja tu, au mguu una ganzi au unalegea, asingoje."

Jumamosi Mama Buluu, mume wake na Kinanda walikwenda kwa daktari. Daktari aligonga magoti ya Kinanda kwa nyundo ndogo. Alimtembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Alimgusa nyayo kwa pamba. Mama Buluu alisahau kupumua. Daktari akasema mishipa ni mizima, lakini mtoto anakua, kwa hiyo arudishwe baada ya miezi sita. Kinanda akapimiwa soli za ndani na kufundishwa mazoezi ya vifundo.

Jumapili Bibi alifika na mkoba mtupu wa kutia nguo za mtoto. Yule mpiga rangi asiye na maneno ndiye aliyesimama mlangoni.

"Mama, vua viatu," alisema. "Chovya mguu."

Unyayo wa Bibi ulijichora wote, kama kitako cha pasi. Kinanda akakanyaga kando yake, na mama yake akafuata. Nyayo tatu zikakaa mstari mmoja.

"Bibi, wako umeziba," alisema Kinanda.

Bibi aliinama, akaweka kidole kwenye lile pengo kavu la unyayo mdogo. Alikaa hivyo mpaka maji yakaanza kukauka.

"Basi," alisema, "nilikuwa nazikimbia nyayo za mjukuu wangu."

Akaukunja ule mkoba mara mbili, akaukalia.

Miezi sita ilipita, Kinanda akaonwa tena na daktari, akakutwa mzima. Kinanda hajikwai ovyo, na maneno yamemrudia mdomoni, watu wa nyumba hiyo wanajua. Mama Buluu anaanika shuka kutwa na jioni bado anasimama. Upinde haukuondoka, wala hautaondoka. Wakitoka kuoga, nyayo bado zinatokea sakafuni, kubwa na ndogo, na pengo lao. Mama Buluu haendi tena kutafuta tambara. Anaziacha zikauke zenyewe.